Manowari za Waingereza pwani yetu: zilikomesha biashara ya watumwa baharini, au ziliihamisha njia tu?

#1 Mwana wa Kivinje

Salaam, ndugu zangu.

Nimezaliwa Kilwa Kivinje, na babu yangu mzaa baba alikuwa nahodha wa jahazi hadi miaka ya 1960. Katika masimulizi yake, neno manowari halikuwahi kuja pamoja na neno uhuru. Lilikuja pamoja na moto. Alitusimulia, kama alivyosimuliwa na baba yake, kwamba jahazi la ukoo lilikamatwa baharini na Waingereza likiwa limepakia boriti, mabaharia wakashushwa, tanga likateremshwa, na chombo kikatiwa moto mbele ya macho yao. Akifika hapo alikuwa akinyamaza na kukizungusha kikombe cha kahawa mkononi, nasi watoto tukajua kwamba kisa kimekwisha.

Shuleni tulifundishwa kisa kingine kabisa: kwamba manowari hizo ndizo zilizokomesha biashara ya watumwa, na kwamba mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 kati ya Sultani Barghash na Balozi wa Uingereza, John Kirk, ulilifunga soko la Unguja na mambo yakaishia hapo. Kivinje ndiko ilikokuwa ikiishia misafara ya kutoka Ziwa Nyasa, kwa hiyo sisemi kwamba watu wetu hawakuhusika. Ninachouliza ni hiki: je, ni manowari zilizoimaliza biashara hiyo baharini, au kulikuwa na nguvu nyingine iliyoimaliza na sifa wakapewa wenye mizinga?

#2 Mwalimu Mstaafu

Mada nzuri, mwanangu. Tuanze na sheria, kwa sababu bila sheria huwezi kuelewa kwa nini manowari ilikikamata chombo kimoja na kukiacha kingine kipite.

Mkataba wa Moresby wa mwaka 1822, kati ya Waingereza na Sultani, ulimzuia Seyyid Said kuwauzia watumwa mataifa ya Kikristo tu. Safari za kwenda Arabuni ziliendelea. Mkataba wa Hamerton wa 1845 ukakataza hizo za Arabuni, lakini ukaacha mlango mpana: watu waliweza kusafirishwa ndani ya himaya ya Sultani, tangu Kilwa kusini hadi Lamu kaskazini. Kwa zaidi ya miaka 25, nahodha aliyekuwa na watumwa 100 ndani ya chombo chake kati ya Kilwa na Lamu hakuwa amevunja mkataba wowote, na ofisa wa Kiingereza aliyemtazama kwa darubini hakuwa na la kumfanya mpaka aipite Lamu. Forodha ya Kilwa iliandika zaidi ya watu 97,000 waliosafirishwa kati ya 1862 na 1867, na hao ni wale waliolipiwa ushuru.

Manowari zilikuwapo miaka yote hiyo. Kilichobadilika mwaka 1873 ni maandishi, na ndiyo maana jibu langu ni kwamba kalamu ndiyo iliyofanya kazi, si mzinga.

#3 Karafuu Kavu

Ahsante, Mwalimu, ila tusimsahau David Livingstone. Yeye ndiye aliyelifunga soko la Mkunazini, na kanisa kuu likajengwa juu yake.

#4 Mwalimu Mstaafu

Hapana, Karafuu Kavu. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwezi mmoja kabla ya mkataba kutiwa saini. Barua zake ziliwachochea sana Waingereza kwao, hilo ni kweli. Hata hivyo, aliyetoa amri ya kulifunga soko ni Barghash, baada ya kuukataa ujumbe wa Bartle Frere, aliyetumwa na Uingereza, mwanzoni mwa mwaka huo, na baada ya Kirk kumwambia waziwazi kwamba asipokubali, manowari zitakizingira kisiwa. Kuhusu kanisa uko sahihi: msingi wake uliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo wa 1873, na ujenzi ukasimamiwa na Askofu Edward Steere.

#5 Nahodha wa Tumbe

Shikamoo, Mwalimu. Naona katika mchango namba 4 umeujibu mwenyewe mchango wako namba 2. Ikiwa Barghash alitia saini kwa kuogopa kuzingirwa, basi kalamu na mzinga vilishikwa na mkono mmoja.

Lakini mimi ni mtu wa Pemba, na huku kwetu mwaka 1873 hautajwi kama mwaka wa mwisho wa biashara hiyo. Kwetu ndipo ilipozidi. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, na ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Bei ya karafuu ikapanda, wenye mashamba wakataka mikono ya kuchuma, na wakati huohuo bahari ikafungwa. Wafanyabiashara hawakukata tamaa: waliwatembeza watu kwa miguu kutoka Kilwa, wakaufuata mwambao kwenda kaskazini hadi Pangani, kisha wakawavusha usiku kuja kwetu. Biashara hiyo ya nchi kavu ilikua hadi Barghash akalazimika kutoa amri nyingine mwaka 1876 ya kuizuia misafara yenyewe.

Mimi nimevua usiku katika mkondo huo wa Pemba, na ninaweza kuwaeleza kwa nini manowari ilishindwa. Kwa upepo mzuri, kutoka Pangani hadi Pemba ni safari ya usiku mmoja. Mashua ikishusha tanga, kinachobaki ni mstari mweusi juu ya maji, na usipokuwa na mwezi hata huo huuoni mpaka uugonge. Wewe uliye kwenye boti ya moshi unasikika mlio wako kabla hujafika, na cheche za bomba lako zinamwonyesha mwenzako uliko. Kisha Pemba ina vihori visivyohesabika, mikoko imefunga pande zote, na maji yakijaa mashua ndogo inaingia mahali ambapo meli kubwa haithubutu.

Waingereza walilijua hilo. Ndiyo maana mwaka 1874 waliileta HMS London, merikebu kubwa ya matanga iliyoshushwa majini mwaka 1840 ikiwa na mizinga 90, wakaitia nanga mbele ya mji wa Unguja ikawa karakana, hospitali na bohari, na boti zake ndogo zikawa ndizo zinazozunguka Pemba. Nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba mwezi Desemba 1881. Alikisogelea chombo kilichopandisha bendera ya Ufaransa ili akague hati zake tu, na watu wa chombo hicho wakamfyatulia risasi kabla hajaziona. Aliyekiongoza chombo hicho, Hindi bin Khatim, alisakwa Pemba na askari wa Sultani walioongozwa na Lloyd Mathews, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa ofisa wa HMS London.

Miaka 8 baada ya mkataba, basi, bado vyombo vilikuwa vikivuka na watu, na manahodha walikuwa tayari kuua.

#6 Karafuu Kavu

Nimekubali kusahihishwa, Mwalimu. Na wewe, Nahodha, watu wa Tumbe hamwezi kuzungumza historia bila kututoa baharini tukiwa tumelowa. Swali langu: chombo cha pwani yetu kilipata wapi bendera ya Ufaransa?

#7 Mwana wa Maskati

Nijibu hilo, kwa sababu linatuhusu sisi tulioko upande huu wa bahari. Ufaransa haikuwa tayari kuwaruhusu Waingereza wakague meli zenye bendera yake. Lilikuwa jambo la heshima ya taifa lao. Manahodha wengi, hasa wa Sur hapa Oman, wakajipatia hati na bendera za Kifaransa, na manowari ikija wanaipandisha. Si wote waliokuwa na watumwa ndani. Wengine walitaka tu wasisumbuliwe. Mgogoro huo ulidumu hadi ukafikishwa kwenye Mahakama ya Usuluhishi ya The Hague, iliyotoa hukumu mwezi Agosti 1905 na kuziwekea mipaka bendera hizo.

Niongeze jambo moja kuhusu neno haramia, kwa sababu Waingereza waliuunganisha uharamia na biashara ya watumwa mapema sana. Mwaka 1819 majeshi yao yaliishambulia Ras al-Khaimah kwa madai kwamba Waqawasim, ukoo uliotawala huko, ni maharamia, na Januari 1820 masheikh wa Ghuba wakatia saini mkataba wa amani ya baharini. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kilisema kwamba kuwachukua watu kwa nguvu kutoka pwani ya Afrika na kuwasafirisha ni unyang'anyi na uharamia. Hata hivyo, mtawala wa Sharjah aliandika kitabu mwaka 1986 akipinga msingi mzima wa tuhuma hiyo, akisema kwamba uharamia ulikuzwa ili Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki ipate njia ya kuwaondoa washindani wake katika biashara. Ukilisoma neno haramia katika hati za wakati ule, uliza kwanza nani ameliandika na alikuwa akiuza nini.

#8 Mzizima

Mwana wa Maskati ameufungua mlango niliokuwa nikiutafuta. Kwa maoni yangu, manowari hazikuja kwa ajili ya watumwa; watumwa walikuwa hati ya kuingilia. Tazameni mwishoni mwa mwaka 1888: Wajerumani na Waingereza waliuzingira mwambao wetu kwa pamoja, na sababu waliyoitangaza ni kuzuia watumwa na silaha. Wakati huohuo Abushiri bin Salim alikuwa amewainukia Wajerumani Pangani. Mnaamini kweli kwamba walikuwa wakitafuta watumwa?

Mleta mada aliuliza kuhusu moto. Jibu lake liko katika fedha. Mabaharia wa Kiingereza walilipwa zawadi kwa kila chombo walichokikamata: pauni 5 kwa kila mtu aliyeokolewa, na chombo kilichokosa watu kililipiwa pauni 4 kwa kila tani. Kabla ya kukitia moto, ofisa alikipima urefu na upana, akaandika. Jahazi kubwa tupu liliweza kulipa zaidi kuliko mashua ndogo yenye watu 10, na jahazi likishakuwa majivu, nani atalipima tena kuhakikisha?

#9 Mwalimu Mstaafu

Mzizima, hesabu ya zawadi ni ya kweli, na malalamiko kuhusu vyombo halali vilivyochomwa yalitoka hata kwa Waingereza wenyewe waliokuwa Unguja na India. Ndiyo maana mwaka 1869 Wizara ya Bahari ya Uingereza ilitoa maelekezo mapya kwamba kumkuta mtumwa mmoja au wawili wa nyumbani ndani ya chombo si ushahidi wa biashara, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kumpa balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja mamlaka ya kuzisikiliza kesi hizo. Tatizo jingine lilikuwa lugha. Ofisa hakujua Kiswahili wala Kiarabu, alimtegemea mkalimani. Hatima ya chombo na watu wake ilipita katika kinywa cha mtu mmoja.

Lakini tusiwadhulumu mabaharia wote kwa kuwahesabu kuwa wawinda zawadi. Kapteni George Sulivan wa HMS Daphne alikamata vyombo vingi mwaka 1868, na ipo picha iliyopigwa juu ya sitaha ya meli hiyo: watoto wamechuchumaa, mbavu zinahesabika, magoti ni makubwa kuliko mapaja. Anayeitazama picha hiyo hawezi kusema kwamba watumwa walikuwa kisingizio tu. Nendeni pia kisiwani Chapwani, mbele ya mji wa Unguja, mkayatazame makaburi ya mabaharia wa Kiingereza, wengine vijana sana, waliofia katika doria hizo.

#10 Binti Kengeleni

Shikamooni wakubwa. Nimesoma michango yote tisa, na mmezungumza kuhusu meli, upepo, bendera na pauni. Waliokuwa ndani ya vyombo hivyo mmewataja kwa idadi tu, na katika picha moja.

Mimi ni wa Kisauni, Mombasa. Kengele iliyoipa Kengeleni jina lake ni ya Frere Town, mji ulioanzishwa na wamisheni wa Kiingereza wa CMS (Church Missionary Society) mwaka 1875 kwa ajili ya watu walioshushwa na manowari. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa hapo. Wazee wake hawakuwa na kwao pa kurudi, kwa sababu mtoto aliyechukuliwa akiwa na miaka sita hakumbuki jina la mto wa kijijini kwao, wala manowari haikumrudisha. Ilimpeleka ilikotaka yenyewe. Wengine walishushwa Aden, wengine Mauritius, na zaidi ya 2,000 walipelekwa Shelisheli. Wengine walipelekwa India wakasomeshwa Nasik, nao ndio walioitwa Waafrika wa Bombay.

Kwa kuwa Karafuu Kavu alimtaja Livingstone, mwongezee na huyu: Jacob Wainwright alikuwa kijana wa Kiyao aliyeokolewa kutoka kwenye chombo cha watumwa na kusomeshwa Nasik. Ndiye aliyechonga maandishi juu ya mti kule kwa Chitambo, akausindikiza mwili wa Livingstone pamoja na watumishi wake, Chuma na Susi, hadi Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili 1874 akawa miongoni mwa waliolibeba jeneza ndani ya Westminster Abbey. Mtu aliyetolewa baharini na manowari alimzika mtu mnayesema aliwaletea uhuru.

Na mleta mada, kuna nguvu moja ambayo hakuna aliyeitaja: watumwa wenyewe. Walikimbia. Watoro walijijengea mji wao Fuladoyo, nyuma ya Malindi, na wengine walijaa Rabai hadi wenye mashamba wakatishia kuishambulia misheni. Siku ya Mwaka Mpya 1889 kampuni ya Waingereza ililazimika kuwalipa mabwana fidia ili zaidi ya watoro 1,400 wapewe hati za uhuru. Hao hakuna manowari iliyowafuata. Walitembea wenyewe kwa miguu yao.

#11 Mwana wa Kivinje

Binti Kengeleni, ahsante sana. Umenisahihisha kwa haki: swali langu lilikuwa la mwenye chombo.

#12 Mtanzania Durban

Ninaishi Durban, na ninaomba kuunga mkono mchango namba 10. Hapa Chatsworth kuna jamii inayoitwa Wazanzibari, ingawa wengi wao asili yao ni Wamakua wa Msumbiji. Babu zao walikamatwa na manowari katika vyombo vya watumwa na kushushwa Natal kuanzia mwaka 1873, wakapewa mikataba ya kazi katika mashamba na nyumba za walowezi waliokuwa na uhaba wa vibarua. Walikaa King's Rest, upande wa Bluff, mpaka serikali ya ubaguzi wa rangi ilipowahamisha katika miaka ya 1960, na ikawaandika katika kundi la Waasia wengine. Ijumaa moja nilialikwa nyumbani kwa mzee wao mmoja. Aliposikia ninatoka Tanzania aliniletea sahani ya chakula, akaanza kunitajia majina ya vitu vya jikoni kwa Kimakua ili aone kama ninayafahamu, naye alifurahi kila nililoligundua kwa ukaribu wake na Kimakonde cha mama yangu.

Wengine walifika Afrika Kusini kwa njia ndefu zaidi. Mwaka 1888 HMS Osprey ilikamata vyombo katika Bahari ya Shamu vilivyokuwa na watoto wa Kioromo kutoka Ethiopia. 64 kati yao walipelekwa shule ya Lovedale mwaka 1890. Msomi Neville Alexander, aliyefungwa Robben Island, alikuwa mjukuu wa mmoja wao, Bisho Jarsa. Kwa hiyo ninamwuliza Mzizima kwa heshima: watoto hao 64 walikuwa hati ya kuingilia wapi?

#13 Mzizima

Sikusema kwamba hakuna aliyeokolewa, ndugu yangu wa Durban. Nimesema aliyetuma meli alikuwa na sababu zake, na wewe mwenyewe umethibitisha: waliokolewa wakawekwa penye upungufu wa vibarua.

#14 Wa Kindu

Jambo wote. Mimi ni wa Maniema, Kongo. Ninawasoma ninyi wa pwani, na ninaona mnaipima biashara hii kwa maji ya chumvi peke yake. Kwetu Kasongo na Nyangwe hakuna manowari iliyofika. Mkataba wa 1873 ulipotiwa saini, Tippu Tip alikuwa bado anapanua himaya yake kwetu, na misafara ya pembe na watu iliendelea miaka mingi baada ya hapo. Kilichoimaliza huku ni vita vya 1892 hadi 1894, na waliovishinda ni watu wa Mfalme Leopold, ambao baadaye walitukata mikono kwa ajili ya mpira. Kwa hiyo mkiuliza nani aliikomesha, sisi tunauliza kwanza: aliikomesha akaweka nini mahali pake?

#15 Mwalimu Mstaafu

Mchango mzito, ndugu wa Kindu. Hata Unguja kwenyewe, hadhi ya kisheria ya utumwa haikuondolewa mpaka mwaka 1897, na kwa Tanganyika ilikuwa 1922. Bahari ilifungwa kabla mashamba hayajafunguliwa. Bado ninasimamia kalamu, lakini Nahodha amenilazimisha kukubali kwamba iliandikia juu ya sitaha ya meli.

#16 Mwana wa Kivinje

Ndugu zangu, tangu Binti Kengeleni alipoandika sikupata usingizi vizuri. Jana nilimpigia simu shangazi yangu, dada wa mwisho wa baba, ambaye alimuuguza babu hadi akafariki. Nilimsomea michango yenu, kisha nikamwuliza kama ni kweli kwamba jahazi letu lilichomwa likiwa na boriti tu.

Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema: "Boriti zilikuwa juu."

Sikuwa na la kuuliza tena. Yeye mwenyewe akaongeza kwamba babu alimwambia hivyo akiwa kitandani, mara moja tu, na akamtaka asituambie sisi watoto. Hajui walikuwa wangapi.

#17 Nahodha wa Tumbe

Pole, ndugu yangu, na ahsante kwa kulileta hapa.

Nimezipakia boriti mara nyingi. Hupangwa kwa urefu wa chombo, na zikishafungwa juu ya mataruma, yaani mbavu za chombo, huwezi kuona kilichomo ngamani, chini kabisa tumboni mwa chombo, mpaka uzitoe moja moja. Aliyekagua jahazi lenu alizitoa, au alisikia sauti. Ukizungumza tena na shangazi, mwulize chombo kilikuwa kinaelekea wapi na ulikuwa msimu gani. Kama ilikuwa kabla ya 1873 na kinakwenda Lamu, manowari haikuwa na haki ya kukigusa kwa mujibu wa alivyoeleza Mwalimu katika mchango namba 2, na hapakuwa na haja ya kuwafunika watu kwa boriti. Kama ni baada ya hapo na kinakuja Pemba, huenda waliokuwa ngamani wangeletwa kuchuma karafuu za wazee wangu.